Mashine Iliyomkataa Mama Skola

Kwa miaka miwili na ushee, vijana wangu, niliamini kwamba mashine ya kusaga hukataa mahindi ya wizi. Msidhani niliamini kidogo. Niliamini kwa mwili mzima, kutoka kisogoni mpaka kisiginoni, na aliyenibishia nilikuwa tayari kumnyima unga.

Habari hiyo aliileta jamaa mmoja wa Nakapanya aliyekuja Songea na mpunga wake. Alituambia kwamba huko kwao mtu aliiba mahindi ya shemeji yake, akayapeleka mashineni asubuhi na mapema. Mashine ikanguruma, ikakohoa mara tatu, kimya. Wakaiwasha tena, ikakohoa, kimya. Akaja bibi kizee na mahindi yake ya halali, mashine ikasaga huku inaimba. Mwizi akapiga magoti palepale akakiri. Nilipomaliza kuisambaza hadithi hiyo Songea mjini, mashine ilikuwa imekohoa mara saba, imetema moshi mweusi, na nywele zote za mwizi zimegeuka nyeupe. Hiyo ya nywele niliongeza mimi, kwa nia njema kabisa.

Mtaniuliza: wewe Beno, mtu wa cheti, uliaminije upuuzi huo? Cheti nilikuwa nacho, kweli. Nilisoma masomo ya jioni miaka mitano, mchana mashineni, jioni darasani, nikiingia na unga kichwani na kwenye kope mpaka mwalimu wa fizikia akaniita Mzimu. Kanuni za nguvu na mwendo nilizikariri zote. Lakini elimu ni kama mvua ya kwetu: inanyesha miezi mitano, inabomoa madaraja, na bado uvunguni pa kitanda hapalowi.

Katekista wetu ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi vijana wa jumuiya nilichojifunza katika Injili kwa miaka yote ya kazi yangu. Nilimwambia, Injili niliisikia kanisani, lakini nilisagiwa mashineni. Akacheka, akaniletea daftari. Basi someni, na mkikuta nimetia chumvi, jueni na mboga nayo ipo.

Nilianza kazi wakati biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo mahindi yalikuwa na mnunuzi mmoja, na sabuni tuliiona kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Ghafla kila kitu kikawa ruksa. Malori ya watu binafsi yakaanza kushuka kutoka Makambako, maghala yakachipuka kama uyoga, na kila mwenye injini kuukuu akafungua mashine. Yetu ilikuwa jirani kabisa na ghala kubwa la mfanyabiashara mmoja. Mtu wa ghalani akipiga chafya, sisi ndio wa kwanza kumwambia afya.

Leo mnabonyeza swichi, unga huo. Sisi tuliamsha injini ya dizeli kwa hendeli, na baridi ya Juni ilipokaza tuliichochea moto wa mabua ubavuni kama mgonjwa wa homa. Siku yangu ya kwanza hendeli ilirudi nyuma ikanichapa, nikaruka nikatua ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu. Muuza viatu akaniuliza, "Namba ngapi, kaka?"

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Ngonyani, mzee mfupi, mkavu, wa maneno machache. Alinifundisha kung'ata punje kabla ya kupokea debe la mtu. "Ikisema ta!, saga. Isiposema kitu, mrudishie mwenyewe akaanike." Alinifundisha kutia mahindi kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye mdomo wa mashine, sikio kwenye tumbo lake. Ndani mna nyundo za chuma zinazopondaponda, na chini yake mna chekeche, lile bati lenye matundu ambamo unga hupita. Chekeche likiziba, mashine inabadili sauti, kisha inasongwa. "Ikibadili sauti, Beno," aliniambia mara elfu, "zima kwanza, tazama, halafu ndiyo useme." Kuzima nilikushika. Hayo mengine mawili niliyapoteza njiani.

Nisiwafanye mkadhani nilikuwa mjinga kila siku. Siku nyingine nilipatia, ingawa kwa bahati. Kuna siku dizeli ilikaribia kwisha na foleni ya madebe imefika barabarani. Kina mama wa mtaani walikuwa wamepanga madebe yao tangu alfajiri, wengine matatu matatu. Saa tisa alasiri wakafika wanawake wanne kutoka Mpitimbi, miguu imejaa vumbi, kila mmoja na debe lake. Nikakata shauri: kila mtu asagiwe debe moja, wa karibu na wa mbali, ili dizeli itufikishe wote. Mama mmoja wa foleni ya alfajiri akaniwakia kwa jina la binti yangu.

"We Baba Anjela! Mimi nimeota mizizi hapa tangu jogoo la kwanza. Hawa wamefika sasa hivi, hata jasho halijakauka, tunapimwa sawa?"

Kabla sijajibu, mmoja wa Mpitimbi akasema, "Dada, si Jumapili ulikuwa kanisani? Wa mwisho atakuwa wa kwanza."

"Hiyo ni habari ya mbinguni!"

"Haya, basi niachie unga huu wa duniani, wewe nenda ukausubiri wa huko."

Foleni nzima iliangua kicheko, na yule mama mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu, akasogeza debe lake. Kisa cha mwenye shamba la mizabibu, aliyewapa wa jioni ujira sawa na wa asubuhi, nilikuwa nimekisikia mara mia nne nikidhani kinahusu zabibu. Kumbe kinahusu njaa. Njaa ya aliyefika jioni ni ileile ya aliyefika asubuhi, na watoto wake hawali saa alizofanya kazi, wanakula ugali.

Sasa niwaambie habari ya Mama Skola.

Jina lake Skolastika, ila sote tulimwita Mama Skola. Alikuwa mjane, amehamia mjini kutoka kijijini baada ya mumewe kufariki, na watoto watatu wadogo. Kazi yake ilikuwa kufagia lile ghala la jirani yetu. Desturi ya ghalani ilikuwa hivi: magunia yakishashonwa na kupakiwa kwenye lori, punje zilizodondoka sakafuni ni za mwanamke anayefagia. Ndio ujira wake. Anazifagia, anazipepeta kwa ungo, anazileta kusaga, watoto wanakula. Mnakumbuka yule mama mgeni katika Injili, aliyemwambia Yesu kwamba hata mbwa hupata makombo yanayoanguka chini ya meza, na Yesu akaistaajabia imani yake? Mama Skola aliishi kwa makombo ya namna hiyo, na hakuwahi kuona haya. Mimi nilimwona kila siku na kisa hicho hakikunijia hata mara moja. Nilikuwa na cheti, nina haraka.

Msimu ule mahindi yakaanza kupungua ghalani. Leo gunia, kesho mawili. Mtunza ghala, Bwana Hamisi, mtu wa kuja kutoka Kigoma, alikuwa mpole na mwenye kuheshimu watu, lakini tajiri wake alikuwa amemkalia kooni. Mtaa mzima ukawa unanong'ona: nani? nani? Na Fundi Ngonyani hakuwepo. Alikuwa Hanga wiki nzima akitengenezesha nyundo mpya, mashine kaniachia mimi.

Asubuhi moja Mama Skola akaleta debe lake. Nikang'ata punje, ikasema ta! Nikaanza kumimina. Haikufika nusu, mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, Mungu anisamehe, foleni yote inasikia. "Mbili... tatu!" Kimya.

"Imekataa!" nikapiga kelele.

"Imekataa nini, Baba Anjela?" Mama Skola akauliza.

"Wewe ndiye unayejua."

Sauti ikatoka nyuma ya foleni: "Heee! Ni ile ya Nakapanya!"

Mama Skola akanitazama, kisha akaitazama mashine. "Fungua basi uangalie kilichokwama."

Nikafungua, kwa maringo, kama daktari mkuu. Nikakomba takataka zote chekecheni kwa kiganja, nikazirusha nje bila kuzitazama. Nikatia mahindi ya mama aliyefuata, mashine ikaimba. Nikageukia foleni nikanyoosha mikono, kama kusema: mmeona wenyewe.

Mama Skola akachukua debe lake, chini mahindi, juu mfuko wa unga usiofika kilo tatu. Akajitwika, akaondoka. Hakulia. Mtu akilia unajua la kusema. Yeye alitembea tu, shingo wima, mpaka akakata kona.

Kabla hajafika kwake habari ilikuwa imeshafika. Mchana Bwana Hamisi alimwambia asirudi ghalani. Baada ya siku tatu, ule unga kidogo umekwisha na hakuna mashine iliyokubali kumsagia mahindi yaliyobaki, binti yake mkubwa alionekana akipita kwa majirani kuomba mihogo. Na majirani, watu wa sala, watu wa jumuiya yetu, wengine walifunga milango taratibu kama watu waliosinzia. Mimi nilipita mtaani nikisalimiwa. "Shikamoo mwenye mashine ya haki!" Nikaitikia marahaba, vijana wangu. Niliitikia.

Alhamisi jumuiya ilikutana kwa Bibi Filomena, bibi ambaye hakujua kusoma lakini Injili aliijua kama anavyojua njia ya kisimani. Zamu ya kutoa tafakari ilikuwa yangu. Mama Skola hakuja, mara ya kwanza tangu ahamie. Tulisoma kisa cha ngano na magugu: mtu alipanda mbegu njema, adui akaja akapanda magugu katikati yake. Nikasimama. Nilisema kwa muda ambao jogoo mzima angeiva. Nikatumia neno "kimsingi" mara kumi na nane. Nikaeleza kwamba kila mtaa una magugu yake, na ashukuriwe Mungu anayewapa watumishi wake njia za kuyatambua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaketi, nikajifuta jasho.

Bibi Filomena akakohoa kidogo. "Asante, mwanangu. Umesema vizuri. Hebu nisaidie mimi mzee. Wale watumishi katika kisa, walipoyaona magugu, walitaka kufanya nini?"

"Kuyang'oa, bibi."

"Na mwenye shamba akasemaje?"

"Akasema... wayaache."

"Kwa nini?"

"Wasije wakang'oa na ngano."

"Ahaa." Akajifunga khanga yake vizuri. "Basi wewe, ni nani aliyekutuma kung'oa?"

Nimewahi kupigwa na hendeli, nimewahi kuungua na mafuta ya injini, nimewahi kuangukiwa na gunia la kilo mia. Hakuna kilichonipiga kama swali lile. Tulimaliza kwa Baba Yetu, nikatoka wa kwanza.

Nilikesha na swali lile. Asubuhi nikawa nimefikia uamuzi: hata kama mama yule ameiba, watoto hawakuiba, na mimi sikuajiriwa kuhukumu, niliajiriwa kusaga. Nikafunga mashine mapema nikaenda ghalani.

"Bwana Hamisi, nimekuja kwa ajili ya Mama Skola. Mrudishe kazini."

Akavua miwani. "Ndugu yangu, si wewe uliyetangaza mashine imemkataa?"

"Ni mimi. Lakini nimemsamehe. Na wewe msamehe. Dini yako inasema Mungu ni mwingi wa rehema, na yangu vilevile."

Akafikiri, akihesabu tasbihi yake. "Wallahi, kama wewe uliyemkamata umesamehe, mimi ni nani? Aje Jumatatu. Ila nitamwekea jicho."

Nikanunua sukari na fungu la dagaa wa Nyasa, nikashika njia ya kwa Mama Skola nikijisikia kama baba wa mwana mpotevu, nimepungukiwa ndama tu.

Hapa nitaruka kidogo. Alichoniambia Mama Skola nitakisema mwisho, kwa sababu baada yake mimi huwa sina la kuongeza. Niwaambie kwanza yaliyofuata.

Kesho yake, Jumamosi saa nne, foleni ikiwa imejaa, nilizima mashine kwa mkono wangu, nikapanda juu ya benchi, nikawaambia watu kwamba nimemsingizia mtu asiye na hatia, nikaeleza moja kwa moja nilivyokosea. Mtu mmoja mchokozi akauliza, "Na zile nywele nyeupe za mwizi wa Nakapanya?" Nikasema, "Hizo pia ni zangu." Walicheka, na nilistahili. Kisha mama mmoja aliyekuwa amefunga mlango wake akatoka kwenye foleni na debe lake, akaenda nalo moja kwa moja kwa Mama Skola. Wengine wakamfuata.

Bwana Hamisi naye alikwenda, akavua kofia mlangoni, akaomba radhi. Hapo ndipo alipoanza kutafuta kwa akili badala ya kwa uvumi, akakuta mbao mbili za ukuta wa nyuma wa ghala zimelegezwa misumari, mtu anaweza kupitisha gunia. Aliyepitisha nani, hiyo ni habari ya wengine. Mama Skola alirudi ghalani akiwa na jina lake safi. Hakuna jicho lililowekwa. Miaka ya baadaye akawa msimamizi wa kina mama wote wa pale, na mtoto wangu wa mwisho alipobatizwa, yeye ndiye aliyesimama kuwa mama wa ubatizo. Niliogopa kumwomba. Aliniambia, "Nilikuwa nakusubiri uniombe."

Fundi Ngonyani aliporudi kutoka Hanga hakunigombeza. Alichukua kopo la maziwa tupu, akalitundika kwenye msumari kando ya mashine. Tangu siku hiyo, chochote tulichotoa tumboni mwa mashine kilitiwa humo kwanza, kikatazamwa mchana kweupe, ndipo mtu aruhusiwe kufungua mdomo. Nimewafundisha wasagaji wanane baada yangu, na wote walianzia kwenye kopo hilo kabla ya kugusa hendeli. Ninyi mtakuwa makarani, wauguzi, walimu, mafundi simu. Kila kazi ina tumbo lake na takataka zake. Tazameni kwanza.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya neema, mazuri. Lakini mimi nilikuwa nimebeba neema yangu mkononi pamoja na sukari, nikaipeleka kwa mtu aliyekuwa anadai haki. Kumsamehe mtu kosa ambalo hakulifanya ni kumchafua mara ya pili, tena kwa tabasamu. Hilo sikulijua nilipobisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Baba Anjela."

Alinipa kigoda, yeye akaketi juu ya mkeka. Nikamkabidhi sukari na dagaa. Akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka chini. Nikakohoa, nikaanza. Nikamwambia nimekwenda kwa Bwana Hamisi, nimemsemea vizuri, Jumatatu arudi kazini. Nikamwambia, mimi kwa upande wangu nimesamehe kabisa, yamekwisha.

"Umesamehe nini?" akauliza, bila ukali.

"Lile la mahindi."

"Nani amekuambia niliiba?"

"Mama Skola... si mashine ilikataa?"

Akanitazama kama unavyomtazama mtu unayejaribu kuamua kama ni mbaya au ni mjinga tu. Nadhani aliamua ni mjinga, kwa sababu uso wake ulilegea. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na lile debe, na yale mahindi ambayo sikuyasaga. Akazamisha mkono, akachambua, akavuta kitu, akakiweka juu ya goti langu. Akazamisha tena, akaweka cha pili, cha tatu.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Uzi wa gunia."

"Magunia yanashonwa palepale ghalani, na vipande vya uzi vinabaki sakafuni. Nikifagia vinakuja pamoja na mahindi. Vingine naviona kwenye ungo, vingine vinanipita, na hivyo ndivyo vilivyoziba chekeche lako. Mtu anayeiba anachota ndani ya gunia, Baba Anjela, na ndani ya gunia hamna uzi. Mahindi ya wizi yangesagika vizuri tu."